Amana Iliyomo Jokofuni

Jokofu la biashara likifa na shehena ndani, mwenye mali huwa na neno moja la kwanza: "Ni kazi ya Mungu." Nimelisikia kwenye mabucha ya Buguruni, kwenye vyumba vya baridi vya wauza samaki karibu na Feri, na jikoni mwa ukumbi ambako nyama ya harusi nzima ilibadilika rangi usiku mmoja. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, kazi iliyonilisha tangu ujana, na neno hilo silidharau. Mtu aliyepoteza mtaji anahitaji pa kuegemea. Ila ni neno zito. Linamtaja Mwenyezi Mungu na kumtwika jambo. Sisi tunaosema tunamwamini hatuna budi kujiuliza kama hilo tunalomtwika ni lake.

Nianze na mashine, maana ndiyo ninayoijua.

Chukua chumba cha baridi cha samaki. Raba ya mlango imechanika kwenye kona ya chini, pale mikokoteni inapogonga kila siku. Upenyo wenyewe vidole viwili vinapita. Hewa ya Dar es Salaam, na sote tunaujua unyevu wake, inaingia humo usiku na mchana. Unyevu ule unaganda juu ya koili ya ndani. Mwanzo ni utando mweupe tu ambao hata kucha inaukwangua. Baadaye ni barafu ya unene wa kidole, kisha pande zima lililoziba nafasi zote kati ya fini. Feni zinazunguka, hewa haipiti. Gesi iliyotakiwa ichemke ndani ya koili na kuwa mvuke inakosa joto la kuichemsha, inarudi kwenye kompresa ingali majimaji. Na kompresa imetengenezwa kusukuma mvuke, majimaji hayabanwi. Yanaosha oili kwenye beringi, yanagonga vali, na siku ya siku vali inavunjika.

"Fundi, imekufa ghafla," naambiwa kwenye simu. Nikifika namkuta mwenye mali amesimama kando ya mashine iliyokuwa ikimwambia kwa wiki nyingi kwamba inakufa. Ilimwambia kwa barafu, kwa mlio, kwa bili ya umeme iliyokuwa ikipanda, kwa maji yaliyotuama sakafuni kwa sababu tundu la kutolea maji limeziba magamba.

Na nje nako kuna kesi yake. Kondensa, yaani koili ya nje inayotupa joto, ikiwa pwani inakabiliana na chumvi inayokula fini za alumini, na vumbi la barabarani, na kama ipo nyuma ya jiko, mafuta yanayogeuka gundi. Joto linalotolewa ndani likikosa pa kutokea, presha ya juu inapanda, mota inavuta ampea nyingi kuliko ilivyopangiwa, na koti la nyaya zake linaungua taratibu mpaka siku nyaya zinagusana. Dawa yake ni maji, brashi laini na muda. Unaosha kutoka ndani kuelekea nje, kinyume na njia ambayo feni imevutia uchafu, maana ukiosha kufuata upepo unaushindilia tu. Fini zilizolala unazisimamisha kwa kitana chake, mstari kwa mstari. Ukiwasha tena unaiona sindano ya geji ikitulia chini ya pale ilipokuwa, na mlio wa kompresa unabadilika kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Siku ile vali inavunjika, je, ni kazi ya Mungu? Mimi naamini hakuna jani linaloanguka nje ya ujuzi wake, na vali pia. Lakini yeye huyohuyo ndiye aliyeweka kanuni kwamba unyevu ukigusa chuma baridi uta­ganda, na akampa mwanadamu macho ya kuuona utando ule mweupe ungali mwembamba. Anayeacha kutumia macho aliyopewa, kisha akamtaja aliyempa kuwa ndiye sababu ya hasara, amesema jambo ambalo mimi nisingethubutu kulisema.

Hadithi ya bedui na ngamia wake kila mtoto wa madrasa anaijua: mfunge kwanza, halafu tawakali, yaani mtegemee Mungu. Watu wengi wanaishia hapo, na wanadhani imekwisha. Aliyeifungua zaidi kuliko wote niliowasoma ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihyaa Ulumiddin, kwenye kitabu kinachozungumzia tauhidi na tawakuli, anazigawa sababu katika mafungu matatu. Kuna sababu za yakini, mfano wa kunyoosha mkono kuchukua chakula kilicho mbele yako. Kuiacha sababu kama hiyo kwa kudai unamtegemea Mungu, kwake yeye ni wazimu, hakuhusiani na tawakuli hata kidogo. Kuna sababu za kudhaniwa, ambazo aghalabu huleta matokeo, kama dawa za tabibu. Na kuna za kuwazika tu, ambazo mtu anazing'ang'ania kwa hofu kuliko kwa akili.

Nilipoyasoma mafungu hayo niliiona orodha yangu ya kazi. Kusafisha kondensa, kuzibua tundu la maji, kubadilisha raba ya mlango, kukaza skrubu za nyaya kwenye kontakta: hizo ni za yakini. Mwenye chumba cha baridi asiyezifanya amekaa mbele ya sahani na mikono amekunja. Kubadilisha kapasita kabla haijafa, au kontakta ambayo vidonda vyake vimeanza kuchimbika, hizo ni za kudhaniwa. Fundi mzuri anapima, anashauri, na mwenye mali ana haki ya kukataa. Na fungu la tatu lipo, tena linaombwa sana: "Fundi, niongezee na gesi kidogo." Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inaondoka majimaji inarudi mvuke, na mfumo ukiwa mzima itazunguka mpaka mashine izeeke. Ikipungua kuna tundu. Anayeongeza gesi kila anapokuja bila kutafuta tundu kwa povu la sabuni hafanyi matengenezo, anauza utulivu wa moyo kwa kilo. Na ile iliyovuja haikupotea. R-404A, iliyomo kwenye vyumba vingi vya kugandishia hapa mjini, inapasha joto dunia karibu mara 4,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, kwa hesabu ya miaka 100. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Tundu dogo la bomba la Buguruni linamfikia mtu wa kisiwa ambacho mwenye bucha hajawahi kukisikia.

Ghazali hakuishia upande wa kuhimiza sababu. Anaonya pia dhidi ya kuzidisha: funga mlango wa nyumba yako, lakini usirundike makufuli na kuwakabidhi majirani wote zamu ya ulinzi, kwa kuwa hapo moyo umehama kwa Mungu na kuingia kwenye kufuli. Anamtaja Malik bin Dinar, mchamungu wa Basra, ambaye mlango wake aliufunga kwa kamba tu, na kamba yenyewe ilikuwa kwa ajili ya mbwa. Nampenda sana mzee huyo. Lakini nawaomba wateja wangu watazame jambo moja: ndani ya nyumba ya Malik mlikuwa na vitu vya Malik. Aliyeamua kuishi bila kufuli aliihatarisha mali yake mwenyewe.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ndani ya jokofu la biashara, vilivyomo vingi si vya mwenye jokofu. Samaki wale wamekopwa kwa wavuvi watakaolipwa mzigo ukiuzwa. Nyama ile imelipiwa na familia ya bwana harusi. Maziwa yale yatanywewa na mtoto ambaye mama yake ameamini tu kwa kuiona pakiti ina ubaridi. Mwenye jokofu ni mwenye dhamana, na dhamana ina sheria zake, zilizoandikwa kabla ya kompresa.

Pwani yetu inafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kitabu ambacho mashehe wetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi ni Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kwenye mlango wa wadia, yaani mali uliyowekewa uitunze, kanuni ya msingi ni ya huruma: ikiharibika bila uzembe wako, hulipi. Kisha anaeleza uzembe ni nini, na mojawapo ya mambo anayoyataja ni kuacha kuzuia kinachoiharibu. Ukiwekewa mnyama ukamnyima malisho, unalipa. Na ukiwekewa nguo za sufu, ni wajibu wako kuzitoa zipigwe na upepo, wadudu wasizile.

Nilimsikia shehe akilisoma hilo darasani baada ya alasiri, nikakaa wima. Miaka zaidi ya 700 iliyopita, mtu wa Sham anawafundisha wanafunzi kwamba huwezi kuweka nguo ya mwenzio sandukuni, ukalifunga vizuri, usiiguse, halafu ukasema umeitunza. Kutokuigusa ndiko kulikoiharibu. Nguo haikuibwa wala haikuungua. Iliachwa, na kuachwa huko kuna mdaiwa. Sijui kama yupo aliyewahi kuisema maana ya kazi yangu kwa ufasaha wa namna hiyo, na aliisema akizungumzia nondo na sufu.

Mimi si mufti na sitoi fatwa juu ya hasara ya mtu. Lakini tangu siku ile nimeona tofauti kati ya hasara mbili ambazo kwa nje zinafanana. Kuna mwenye bucha mmoja, mtu wa makini, anayeniita kabla hajaniona nikipita. Katikati ya Ramadhani umeme ulikatika, ukarudi na nguvu zisizo zake, ukaiunguza kompresa ambayo nilikuwa nimeipima siku chache nyuma na kuikuta nzima, na kifaa cha kuilinda kikaungua pamoja nayo. Nyama ikaharibika. Akasema ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia kwa moyo wote, tukashirikiana kuitoa. Aliyekuwa na raba iliyochanika naye alisema maneno hayohayo, kwa sauti ileile. Nikanyamaza. Wa kwanza alikuwa amefika mwisho wa uwezo wake akamkuta pale Mungu. Wa pili hakuwa ameanza hata safari.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mochwari. Sitaitaja hospitali. Huduma ya jokofu la maiti hufanywa usiku, magari ya kuchukua mwili yakiwa yamepungua, na siku moja nilikuwa nimelala chali chini ya kitengo cha juu nikisafisha sinia la maji ya barafu. Sinia hilo likiziba, maji humwagika ndani, juu ya waliolala. Nilikuwa natoa utope mweusi kwa vidole, maana waya ungeweza kulitoboa. Mhudumu wa zamu, mzee Mkristo wa makamo ya baba yangu, alinishikia tochi.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema. "Hawa hawawezi kukupigia simu kukulalamikia."

"Ndiyo maana nimekuja kabla, mzee wangu."

Akakaa kimya, halafu akaniambia Zaburi ya 127 inasema Bwana asipoulinda mji, mlinzi anakesha bure. Alisema ameitafakari sana Zaburi hiyo kwenye zamu zake za usiku. Nikamuuliza ameona nini. Akasema: "Nimeona kwamba mlinzi yupo. Haikusema aende akalale." Akainua tochi nione upande wa pili.

Sisi Waislamu tunaharakisha maziko, lakini Dar es Salaam ni mji wa watu wa kila upande. Mwili unamsubiri kaka anayetoka Mbeya, unasubiri gari la kwenda Moshi, unasubiri polisi wamalize karatasi zao. Nyuzi mbili hadi nne zikidumu, mama atamwona mwanawe akiwa na sura yake. Zisipodumu, hataonyeshwa, na hilo litamkaa maisha yote. Mtume alifundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Mimi naamini heshima hiyo inaingia mpaka kwenye sinia la maji.

Tena baridi haina uwezo watu wanaoufikiria. Haiponyi. Inachelewesha tu, na muda ulioponyoka haurudishwi. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto saa kadhaa, bakteria hutengeneza ndani yao sumu iitwayo histamini. Ukiwarudisha kwenye barafu, sumu ipo. Ukiwakaanga mpaka wakauke, sumu ipo. Samaki ananukia vizuri, mlaji uso unamuwaka, kichwa kinampasuka, mwili unatoka vipele, na pengine anaambiwa ana mzio. Mwenye chumba cha baridi hatajua kamwe kwamba alikuwa yeye, kwa usiku ule mmoja jokofu lilipochoka likapona lenyewe asubuhi.

Kwenye chanjo wamelipatia jambo hili shahidi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na tangu mwaka 1996, kuanzia na ile ya matone ya polio, vichupa vimekuwa vikibandikwa duara dogo lenye mraba katikati. Mraba huanza ukiwa mweupe kuliko duara. Kila saa ya joto inautia weusi, na weusi ukishaingia hautoki, hata ukikitia kichupa kwenye barafu mwezi mzima. Rangi zikilingana, chanjo inatupwa. Muuguzi wa zahanati aliponionyesha kichupa hicho mara ya kwanza niliwakumbuka wale malaika wawili waandishi. Laiti kila kilo ya samaki ingekuwa na mraba wake.

Sasa nizungumzie fedha, kwa sababu humo ndimo imani hupimwa. Mhasibu huniuliza: "Fundi, ulikuja mara ya mwisho ukakuta nini?" Namjibu nilikuta mashine inafanya kazi. "Na ulipoondoka?" Ilikuwa inafanya kazi. "Sasa tunakulipia nini?" Ni swali la haki, na jibu lake ni gumu, kwa kuwa matunda ya kazi yangu ni jambo ambalo halikutokea, na lisilotokea haliwekwi mezani likapigwa picha. Fundi anayeitwa usiku wa manane kufufua chumba kilichokufa hupewa soda, hupewa ahsante na bahasha. Aliyesababisha usiku ule upite watu wamelala hana ushahidi wa kuonyesha. Nimewaona mafundi wazuri wakikata tamaa kwa sababu hiyo, na nimewaona wengine wakijifunza kuacha kitu kiharibike kidogo ili wapate kuonekana. Hilo la pili ni wizi, na naliita wizi mbele za vijana ninaowafundisha.

Mimi naona kazi isiyoonekana ina cheo chake mbele ya Mungu, na naona hivyo kwa sababu ya jinsi yeye mwenyewe anavyojieleza. Ayatul Kursi tunaisoma kila tunapolala. Humo anasifiwa kwamba usingizi haumshiki, na kwamba kuzihifadhi mbingu na ardhi hakumchoshi. Kuumba kulikwisha tajwa kwingine. Hapa anasifiwa kwa kushikilia kisianguke kile kilichokwisha kuumbwa. Aya chache mbele, katika sura hiyohiyo, kuna mtu aliyepita kwenye mji uliokuwa magofu, akafishwa miaka 100, akafufuliwa. Punda wake alikuwa mifupa. Chakula chake na kinywaji chake havikuwa vimeharibika. Fundi wa majokofu hawezi kupita hapo haraka. Mungu alitaka kumwonyesha mtu yule uwezo wake, na kabla ya kuinyanyua mifupa ya punda alimwambia kwanza atazame chakula. Miaka 100 bila kuoza ilikuwa ishara ya kutosha kuanzia, na hakuna kilichokuwa kimetokea kwa chakula kile.

Ndiyo maana linaniuma jambo la misikitini kwetu. Kila Ramadhani ikikaribia, wafadhili wanaleta viyoyozi vipya, Mungu awalipe. Vinafungwa, vinapigwa picha, jina linasomwa baada ya Ijumaa. Mwaka wa pili vinadondosha maji kwenye mazulia. Wa tatu vinapuliza vumbi na harufu. Wa nne anatafutwa mfadhili mwingine. Sijawahi kusikia jina likisomwa la mtu aliyetoa fedha za kuosha filta. Tunaziita sadaka zenye kuendelea, na hatumteui wa kuziendeleza.

Juzi alhaji mmoja wa mtaani kwetu aliniita nimpigie hesabu ya viyoyozi vinne. Nikamwamkia, nikakaa, nikamshauri afunge vitatu, na fedha za cha nne ziwe za huduma: filta zioshwe kila wiki mbili, koili na mabomba ya maji kila miezi mitatu, na fundi apime nyaya kabla ya kila Ramadhani.

"Na thawabu za kile cha nne?" aliniuliza, naye hakuwa anatania.

Nikamwambia watakaosali chini ya vile vitatu mwaka wa saba watajua zilikokwenda. Akafikiri, akasema anataka hilo liandikwe kama sharti, ili hata akifa fedha zile zisigeuzwe za kununua spika. Nikamweleza kwamba mafakihi walishalitangulia: katika mapato ya wakfu, matengenezo hutolewa kwanza, ndipo wanufaika wagawiwe kinachobaki. Hakuwa anajua. Tumekubaliana Ijumaa hii twende pamoja kwa imamu tuiandike.